Machozi Niliyomtungia Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za chuoni, mwanangu, ni Jumatatu moja ya mvua, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha walimu wa kike, nje kidogo ya mji wa Thika. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Athmani, aliingia darasani na insha zetu zote mikononi, akaziweka mezani bila kumpa mtu yake, kisha akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Tukajua mambo yameharibika.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulikuja kutoka mtaa wa Kahawa Sukari na uso wa mtu aliyefiwa, ukaketi hapa jikoni kwangu Ruiru, kwa nyanya yako, ukaniambia, "Cucu, mwalimu anataka tuandike vile tumegrow kwa writing tangu kozi ianze, na mimi naona niko tu vile nilikuwa." Nikacheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu enzi zangu hakuna aliyeniuliza swali kama hilo, na lau wangeniuliza ningejibu kwamba mimi nilizaliwa nimekwisha kukua. Sasa nimezeeka, nimepata jibu lenye maana kidogo. Weka hiyo simu chini unisikilize.

Mwalimu Athmani alikuwa mtu wa Mombasa, wa makamo, mwembamba, aliyefunga vifungo vya koti hadi shingoni mwaka mzima kwa baridi ya kwetu, ambayo sisi hatukujua kama ni baridi. Alikuwa ametuagiza tuandike juu ya "Asubuhi Nyumbani Kwetu", na tulikuwa tumeandika kwa bidii zetu zote. Sasa akatuuliza bila kugeuka, "Kuna yeyote humu aliyezaliwa Lamu?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Malindi? Mombasa?"

Mikono ilibaki chini. Tulikuwa wasichana wa Kiambu, wa Murang'a, wa Nyeri, na wachache wa Ukambani. Hapo ndipo alipogeuka. "Basi hebu niambieni, wanangu, bahari yote hii imetoka wapi?"

Ilikuwa kweli. Darasa zima lilikuwa limeandika mawimbi. Usitucheke na wewe. Vitabu vyote vya Kiswahili tulivyosoma tangu tukiwa wadogo vilikuwa vya watu wa pwani, vimejaa minazi na upepo wa baharini, na sisi tukadhani ndivyo Kiswahili kinavyoandikwa. Kikuyu kilikuwa cha nyumbani na cha shambani. Kiswahili kilikuwa cha kwao, na tuliona ni adabu kukirudisha kwao kila tunapokitumia. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Tulijiambia wenyewe.

Insha yangu ndiyo iliyokuwa juu ya rundo. Akaisoma mistari ya mwanzo kwa sauti. Jua langu lilikuwa likichomoza kutoka majini, na wavuvi walikuwa wakirudi wakiimba. Mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa insha tangu shule, na nilikuwa nimejaza maneno mazito mengi kadiri karatasi ilivyoweza kubeba.

"Nyambura," akasema, "kwenu ni wapi?"

"Ruiru, mwalimu."

"Bahari ya Ruiru iko upande gani? Nionyeshe, Jumapili niende nikaoge. Nimeikosa mno."

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati, na kila mmoja wao alikuwa na bahari yake kwenye rundo lile lile. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mwalimu hakucheka. Alirudi mezani, akatukabidhi insha zetu bila alama hata moja, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mnaniandikia kwetu, na mnakukosea. Mimi kwetu nakujua. Nileteeni kwenu."

Kuanzia siku ile bahari ikapigwa marufuku mpaka mwisho wa kozi. Akatuambia pia kwamba mwishoni kila mmoja ataandika insha moja ya nyumbani, na atakayeshindwa katika insha hiyo ameshindwa katika Kiswahili, na asiyepita Kiswahili hapati cheti cha ualimu. Wengine waliguna tu. Mimi nilifikiria nyumbani. Baba yangu alikuwa amewekwa kizuizini na wakoloni kama wanaume wengi wa kwetu, na mama alikuwa akichuma kahawa katika shamba la mzungu mmoja upande wa Ruiru. Nikirudi bila cheti, ningejifunga kikapu kiunoni na kusimama kwenye mstari wa mibuni karibu naye. Kazi hiyo si aibu, na usinisikie nikiidharau, maana ndiyo iliyonilisha. Lakini mama alikuwa ameniambia waziwazi kwamba katika nyumba yetu mgongo mmoja uliovunjika unatosha.

Basi nikaanza kuandika kwetu, na nikagundua kwamba sina kitu. Maneno yangu yote yalikuwa ya majini. Nikaandika juu ya mashamba ya kahawa, nikayaita bustani za peponi. Mwalimu akaandika chini yake kwa wino mwekundu: Bado sijafika Ruiru. Nikaandika juu ya mvua, nikaipa ngoma na vinanda. Bado sijafika Ruiru. Nikaandika juu ya matope tu, kwa hasira, jinsi yanavyonata kwenye miguu ukitoka kisimani hadi unatembea kama umevaa viatu vya mtu mwingine. Safari hii aliandika: Naona nyumba kwa mbali.

Hapo ndipo ulipo wewe sasa, mwanangu, ndiyo maana unaniambia hujakua. Unajiona umepungukiwa. Zamani ulikuwa ukiandika kurasa nzima bila kupumua, sasa unaketi mbele ya mstari mmoja unaukodolea macho. Hata mimi nilidhani mwalimu ameniharibu. Nililala vibaya wiki nyingi, na nilimchukia, nikiigiza alivyofunga koti lake mbele ya wenzangu ili wacheke.

Ndipo siku moja zamu ya kupika ikawa yangu. Moto wa jiko letu ulikuwa umezimika, nikatumwa jikoni kwa walimu kuomba makaa. Nikayachukua kwenye kigae, nikayafunika kwa majivu, nikatembea polepole yasinidondoke. Nilipokuwa katikati ya uwanja nikakumbuka siku tuliyohamishwa. Niliyaacha makaa jikoni, nikaenda kuandika, na chakula cha jioni siku hiyo kilichelewa sana. Waliniadhibu kwa hilo, na walikuwa na haki.

Siku hiyo ya kuhamishwa ilikuwa hivi. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapigania uhuru wa msituni, watu wa kilima chetu waliamriwa kubomoa nyumba zao na kwenda kujenga katika kijiji kipya karibu na Ruiru, kijiji kilichozungushiwa handaki, ili serikali iweze kutuangalia sote kwa pamoja. Sasa, kwetu mtu akihama hawashi moto mpya. Anachukua makaa ya jiko la zamani, anayafukia kwenye majivu ndani ya kigae cha chungu, anayabeba hadi anakokwenda, na kwa makaa hayo anapika chungu cha kwanza. Kwa njia hiyo nyumba inabaki kuwa nyumba ile ile, hata kama imebadili mahali. Mama aliyabeba makaa yake kutoka kilimani hadi lango la kijiji, nami nyuma yake na mzigo wa miti ya kitanda. Langoni walisimama homugadi, vijana wa kwetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali, na amri ilikuwa kwamba moto hauingii, kwa sababu nyumba zilikuwa za nyasi na zimebanana. Mama akaambiwa amwage makaa njiani. Akamwaga.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, na mpaka hapo nilikuwa nimeandika vizuri. Lakini sikuishia hapo. Niliandika kwamba homugadi mmoja alicheka huku akimsukuma mama kwa kitako cha bunduki. Niliandika kwamba mama alipiga magoti juu ya makaa yake, akalia, na kwamba machozi yake ndiyo yaliyoyazima. Naam. Machozi yakazima makaa. Niliandika hivyo, nikaweka kalamu chini, nikajipenda.

Nilipoisoma darasani, wasichana walilia. Si mmoja wala wawili. Kila mtu alikuwa na baba au kaka aliyechukuliwa, kila mtu alikuwa na lango lake. Mwalimu Athmani alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu, akasema, "Sasa nimefika Ruiru." Akaamua kwamba insha hiyo itasomwa siku ya kufunga chuo, mbele ya wazazi wote na mkaguzi wa shule, na kwamba ndiyo itakayopewa alama yangu ya mwisho. Nilitoka darasani nikielea. Cheti nilikuwa nacho mkononi.

Lakini kwetu hakuna kusimama mbele ya watu ukataja shida ya mtu mzima kabla mwenyewe hajaambiwa. Hilo halikuhitaji kufundishwa. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikaomba ruhusa, nikapanda garimoshi hadi Ruiru, nikaenda kumsomea Maitu. Maitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikuyu, nawe unalijua neno hilo ingawa hulitumii.

Nilimkuta uwanjani pa shamba, kazi ya kuchuma imekwisha, wanawake wameketi chini kila mmoja na gunia lake limetandazwa mbele yake, wanachambua. Kahawa iliyoiva ilikuwa lazima itengwe na mbichi kabla ya kupokelewa. Mikono ya mama haikusimama nilipofika. Alinisalimu, akaniuliza kama nimekula, akaniambia nianze kuchambua upande wa pili wa gunia. Nikamwambia nimemletea kitu cha kusoma. "Soma basi," akasema. "Mimi sisikilizi kwa mikono."

Nikamsomea, nikigeuza kwa Kikuyu kadiri nilivyokwenda. Nilipofika kwenye makaa kumwagwa, mikono yake ikapunguza mwendo. Nilipofika kwenye machozi ikasimama kabisa, nami nikafurahi moyoni, nikadhani nimempata. Nikamaliza.

"Huyo mwanamke ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Maitu."

"Mimi sikulia."

"Najua. Lakini katika insha mtu huruhusiwa kuongeza kidogo ili..."

"Na kiberiti kiko wapi?"

Kiberiti nilikijua. Nilikuwapo, nilikiona kwa macho yangu, na nilikiacha makusudi.

Kijana aliyemwamuru mama amwage makaa hakuwa mtu asiye na jina. Alikuwa Njoroge, mtoto wa jirani yetu wa kilimani. Mama ndiye aliyeshika mkono wa mama yake siku alipozaliwa, na ndiye aliyempokea. Njoroge hakucheka wala hakumsukuma mtu. Alisema, akitazama kando, "Mama, mwaga. Ni amri." Mama akamwaga, akayakanyagia udongo mpaka moshi ukaisha. Kisha akanyoosha mkono mbele yake, kiganja juu, akamwambia kwa sauti ile ile aliyokuwa akimtuma nayo akiwa mtoto, "Basi nipe kiberiti. Unataka nipike na nini?" Njoroge akawatazama wenzake, akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti chake, akampa chote. Mama hakusema asante. Akakifunga kwenye ncha ya leso, tukaingia. Ndivyo ilivyokuwa, haikuzidi hapo.

Nilimweleza mama kwa nini nilikiacha. Nilimwambia kinaharibu. Watu wakishafika kwenye huzuni, huwezi kuwaletea kiberiti, watacheka. Na tena nani angependa kusikia homugadi akifanya jambo la heri, mbele ya wazazi ambao watoto wao bado wamefungwa?

"Kinaharibu nini?" akasema. "Unanichukua mimi unanipigisha magoti mbele ya mtoto niliyempokea kwa mikono hii. Mwanamke wa rika langu analia mbele ya kijana kama huyo? Watu wanaonijua watasema nini? Nilimwomba kiberiti, akashindwa kuninyima. Ukikiondoa, yeye anabaki mbaya tu, na mimi nabaki nalia tu. Hatukuwa hivyo."

Nikambishia. Nilikuwa nimesoma, mwanangu, na mtu aliyesoma kidogo ana ubishi kuliko aliyesoma sana. Nikamwambia insha hiyo ndiyo cheti changu. Mwalimu amekwisha kuipenda kama ilivyo, mkaguzi anakuja, machozi ndiyo yanayoibeba. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe juu ya mgongo.

Alirudi kuchambua kahawa yake. "Sikukatazi," akasema. "Wewe ndiye unayejua mambo ya huko. Cheti kitafute. Lakini mimi sitakuja kukaa kwenye benchi nisikilize nikilizwa mbele ya watu. Ukiyasoma hayo machozi, yasome mimi nikiwa nyumbani." Kisha akaniuliza kama nina nauli ya kurudi.

Nilirudi Thika nikiwa na hasira ya mtu anayejua amekosa. Mama hakuwa amewahi kukanyaga chuoni. Tangu nianze, nilikuwa nikimpangia siku hiyo moja: atavaa nini, ataketi wapi, nitamwonyesha bweni letu na kitanda changu. Sasa ilikuwa ama aje yeye, ama yasomwe machozi. Wiki nzima nilikuwa nikiandika na kukata. Nikayatoa magoti. Nikarudisha jina la Njoroge, kisha nikalitoa tena nikaandika "mtoto wa jirani", kwa sababu jina lilikuwa lake na sikuwa nimemwuliza. Nikaweka kiberiti. Kila nilipokisoma kiberiti kile, insha nzima ilionekana kushuka chini na kukaa sakafuni. Hakuna kilichopaa. Ilikuwa ni mwanamke, na kijana, na amri, na jambo dogo lililopita kati yao.

Nikampelekea Mwalimu Athmani. Akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Umeiharibu," akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu."

"Mimi nilikukataza bahari, binti. Sikukuambia uniletee kiberiti." Akaiweka mezani. "Pale juu watu walikuwa wamekushika mkono, wanakufuata popote. Sasa umewaacha njiani. Mbona umewaacha?"

Nikamweleza kuhusu mama. Akanisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza, lakini hakukubali. Alisema yeye ameheshimu kila mzazi tangu azaliwe, ila kazi ya kalamu ina mambo yake, na kwamba siku ya kufunga nitasoma nitakalo, na alama itatoka kwa kile watakachosikia yeye na mkaguzi. Hakuwa akinitisha. Alinieleza tu mambo yalivyo. Nilitoka pale nikijua kwamba huenda nimekitupa cheti kwa mikono yangu mwenyewe, na sikuwa na uhakika hata chembe kwamba nimefanya jambo la maana.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja na mavazi yao ya kanisani, mkaguzi akaketi mbele karibu na mkuu wa chuo. Nilitazama kila benchi, na mama hakuwapo. Sikuwa nimemtumia neno lolote. Nilikuwa na aibu ya kusema nimebadili, ilhali sikujua kama nitapata ujasiri wa kusoma nilichobadili. Nakala ya zamani nilikuwa nimeikunja ndani ya ile mpya, na nilipoitwa jina nilisimama nazo zote mbili mkononi.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa amesimama mlangoni, nje kabisa ya kizingiti, kikapu mkononi, amevaa viatu vyake vya safari. Hakuwa ameketi wala hakutafuta pa kuketi. Alikuwa amesimama vile mtu anavyosimama akiwa tayari kuondoka.

Nikaiweka ya zamani chini ya meza, nikasoma mpya.

Nilisoma vibaya. Mahali pa kupumzika nilipita mbio. Nilipofika langoni mwa kijiji ukumbi ukatulia. Makaa yakamwagwa, watu wakavuta pumzi, na nikajua kabisa kwamba hapo ndipo walipokuwa wakiyangoja machozi. Nikawapa kiberiti. Bibi mmoja mbele akaangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma, ambaye baadaye niliambiwa wanawe wote walikuwa kizuizini, alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje akipita ubavuni mwa mama bila kumtazama mtu. Sikumlaumu siku hiyo, na simlaumu leo. Nilisoma maneno yaliyobaki nikitazama karatasi tu.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ameingia ndani. Alikuwa ameketi pale mzee alipoondoka, kikapu mapajani, ananitazama moja kwa moja.

Nilipita, ukitaka kujua. Sikuwa wa kwanza. Zawadi ilikwenda kwa msichana wa Ukambani aliyeandika juu ya punda wa mjomba wake, na punda yule alistahili. Mwalimu Athmani aliponipa alama yangu aliniambia, "Mimi bado naona ile ya kwanza ilikuwa bora." Hakuwahi kubadili neno hilo mpaka tukaachana. Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo lisilohusika, "Lakini nilikuwa namtazama mama yako. Nilimwona alipoketi."

Jioni hiyo nilimsindikiza mama hadi stesheni ya Thika. Nilikuwa nimemwonyesha bweni na kitanda, akavibonyeza vyote kwa vidole kama mtu anayenunua. Hakuwa amesema neno juu ya insha. Tulikuwa tumeketi tukingojea garimoshi, na ghafla akasema, akitazama reli, "Ulitaka kujua nililia wapi."

Sikuwa nimemwuliza hivyo. Lakini nilinyamaza, kwa bahati.

Akaniambia. Aliniambia ni wapi, na lini, na juu ya nini. Haikuwa langoni, haikuwa juu ya makaa, wala haikuwa juu ya jambo lolote ambalo mimi kwa akili zangu zote ningeweza kulibuni. Miaka yote ile nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikujua. Nikamshika mkono, naye akauacha nikiushika mpaka garimoshi likaingia. Hayo aliyoniambia sijayaandika popote, mwanangu, nimefundisha insha maisha yangu yote na sijayaandika, na wewe pia sitakuambia.

Basi mwandikie mwalimu wako. Mwambie kwamba kukua si kuongeza maneno. Hayo utayaongeza tu, hata ukiwa umelala. Mwambie ulianza kwa kuandika nyumbani kwa wengine, ukakatazwa, ukabaki mikono mitupu ukadhani umerudi nyuma. Mwambie hiyo mikono mitupu ndiyo uliyoanza nayo kazi. Na wewe binafsi, mbali na alama zake, shika haya ninayokuambia mimi. Ukiandika juu ya mtu, usimpe machozi ambayo hakulia, hata kama darasa zima litakulilia. Usimnyime mtu mbaya wema wake, ule mdogo uliouona kwa macho yako. Kabla hujawasomea wageni, nenda kamsomee mwenyewe, na akikukatalia, kaa umsikilize mpaka mwisho, ubishi uweke kando. Utapoteza sifa mara nyingine. Mimi nilipoteza, na mwalimu niliyempenda hakuwahi kuniunga mkono. Lakini mama yangu asingeniambia neno lile stesheni kama ningesoma karatasi ile nyingine. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Sasa sogea hapa, uniletee kifua chako nikitemee mate, ndivyo wazee wetu walivyobariki na mimi sijui njia nyingine. Mungu akupe kalamu isiyomwonea mtu. Akupe watu watakaokuamini wakakuambia yale wasiyomwambia mwingine. Na watakapokuambia, mwanangu, akupe kifua cha kuyaweka.